Bandeji Tano, Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka kliniki na bandeji tano. Tano! Mkono mmoja tu wa mtu mzima.

Mtaalamu wa viungo ni mama mfupi, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni kama fundi cherehani. Nimempa jina: Mama Tepu. Amepima mkono wangu wa kushoto, vidole vinne chini ya kiwiko. Sentimita thelathini na moja. Wa kulia, ishirini na tano. Ni miaka miwili tangu wanitoe titi pamoja na tezi za kwapani, na mkono umevimba polepole, kama mgeni anayehamia na begi mojamoja, unashtukia tayari anaishi kwako.

Sharti ni hili. Mpimaji wa soksi za mkono anakuja Ijumaa, tarehe 21. Soksi ni ya mpira mgumu, mtu anaivaa mwenyewe asubuhi, hahitaji wa kumsaidia. Mkono ukishuka hadi ishirini na nane, nitapimwa. Usiposhuka, hatapima, maana soksi ya leo itampwaya kesho. Harudi tena mpaka miezi mitatu ipite, na maji yakikaa miezi mitatu nyama inaanza kuwa ngumu. Ikishakuwa ngumu, hairudi.

Mpaka hapo, kufungwa bandeji kila siku. Kwenye daftari lake kuna safu imeandikwa Msaidizi. Wote walionitangulia kwenye foleni walikuja na mtu. Mmoja alikuja na watatu!

Mwalimu, nyumbani anakufunga nani?

Binti yangu, nikasema. Akaandika.

Binti yangu yuko mbali. Ndege mbili na kungoja katikati.

Jumanne, 4 Machi

Maelekezo ya Mama Tepu: kaza vidoleni na kiganjani, kisha punguza kadiri unavyopanda. Rahisi! Mtu akiwa na mikono miwili ya kumfunga mwenzake, rahisi kabisa.

Nilibana ncha ya bandeji kwenye mgongo wa kiti. Ikachomoka. Nikaifungia kwenye droo. Bandeji ya pili ikabingiria hadi chini ya kitanda, nikaifuata kwa magoti na mkono mmoja umening'inia. Mwisho nikatumia meno. Meno ni hodari! Kuanzia kiwiko kwenda juu, nimevuta kwa meno mwanzo hadi mwisho.

Saa nzima na robo. Nikajiangalia kwenye kioo. Kama maiti aliyebadili nia.

Alhamisi, 6 Machi

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha elimu ya viumbe. Moyo tuliupa wiki mbili. Limfu nusu kipindi, karibu na mapumziko, watoto macho dirishani. Wala sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza chai.

Ngoja nilifundishe somo hilo tena vizuri, kwa kuwa leo sijaongea na mtu yeyote.

Damu inasukumwa na moyo. Kwa hiyo ndani ya vimishipa vyembamba shinikizo ni kubwa kuliko nje, na maji yanavuja. Mengine hurudi. Yanayobaki, lita mbili au tatu kwa siku, yanazagaa katikati ya nyama, hayana kwao. Hapo ndipo limfu inaanza. Ukuta wa mrija wake wa kwanza una vijilango vinavyofunguka kwa ndani tu. Maji ya nje yakizidi, shinikizo la nje likalipita la ndani, vijilango vinasukumwa na maji yanaingia. Yakitaka kurudi, yanavifunga yenyewe. Mlango unaofunguliwa na wingi wa wageni!

Halafu? Huku hakuna moyo. Mrija unajibana wenyewe, kipande baada ya kipande. Vali zinazuia kurudi nyuma. Misuli inaukamua mtu akitembea. Akivuta pumzi, shinikizo la kifuani linashuka na limfu inavutwa juu, hadi karibu na mtulinga, inamwagwa tena kwenye damu. Kila hatua inategemea jirani. Mfumo mzima unaishi kwa kusaidiwa, na kitabu chetu kiliuita mfumo wa ziada!

Kwangu, njia ya kwapani imebomolewa. Maji yanafika pale yanasimama. Kazi ya bandeji ni kuongeza shinikizo huku chini ili yatafute vichochoro.

Nikamaliza somo. Birika la umeme likajizima: tak! Hakuna swali.

Mama Tepu alisema pia nivute pumzi ndefu, na nicheke. Kicheko kinatikisa kiwambo cha kifua na kuvuta limfu. Nimejaribu kucheka peke yangu jikoni. Ni sauti mbaya. Sirudii.

Jumapili, 9 Machi

Binti amepiga simu ya video. Nikashika simu karibu, uso tu.

Mama, mbona naona pua peke yake? Sogeza simu.

Nikasema mtandao. Anakufunga nani? Nesi anakuja, nikasema. Kila siku? Kila siku. Anaitwaje? Nikasema sauti inakatika, na kumbe ilikuwa safi kama maji ya kisima.

Kwa hiyo kliniki wanajua nafungwa na binti, na binti anajua nafungwa na nesi. Wakikutana hawa wawili nimekwisha.

Vidole vimevimba leo. Pete haipo tangu zamani, lakini alama yake ilikuwepo. Siioni.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Niandike tu.

Mama Tepu alifungua bandeji taratibu, anaikunja huku anaiangalia. Akafika ile ya juu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza tena.

Mwalimu, binti yako anafunga kwa meno?

Alama za meno, ukingo mzima, mbili mbili!

Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali. Alipima: thelathini na mbili. Umepanda! Kiganja ndio usiseme. Akanionyesha michirizi myekundu chini ya bega. Huku juu umekaza kuliko vidoleni, akasema, umefunga mdomo wa gunia kisha unashangaa gunia limejaa. Ni kweli. Meno yana nguvu kuliko vidole vya mkono mmoja uliochoka. Nilikuwa nalisukuma shinikizo lirudi kiganjani, siku sita, kwa bidii.

Nilishawahi kumpa mwanafunzi sifuri kwa kuchora mshale wa limfu unaoelekea vidoleni. Nikamwandikia kwa wino mwekundu: Umewahi kuona mto ukipanda mlima?

Mama Tepu akagonga kalamu kwenye ile safu. Sitaki cheti wala cheo, akasema. Nataka mikono miwili. Kama huna, nimwambie mpimaji asikuweke kwenye orodha.

Niweke, nikasema. Ipo.

Jumanne, 11 Machi

Nimewahesabu watu. Mwenzangu wa jiografia, mikono inamtetemeka hata kikombe kinamwagika. Mshonaji wa ghorofa ya juu amehama. Mpangaji wa nyuma ni mwanamume, na kufungwa huku unakaa kifua wazi. Wauguzi wa zahanati ni wawili kwa foleni ya watu sitini.

Nikihesabu kwa haki, anabaki mmoja. Wifi yangu. Mitaa miwili kutoka hapa. Msusi, miaka arobaini. Vidole kama koleo.

Moyo wa mume wangu ulipochoka, miguu yake ilijaa maji. Dada yake alifunga saluni mapema kila siku, akaja, akakaa miguuni pa kitanda, akampaka mafuta na kuisukuma ile miguu kwenda juu. Mimi nikasimama mlangoni nikieleza. Kwamba moyo uliokwisha kuelemewa na maji, ukiurudishia mengine unauzamisha. Alasiri moja, mbele ya majirani watatu, nikasema: Wifi, unamwua kaka yako kwa mikono yako mwenyewe.

Akanawa. Akaondoka. Siku ya nne mume wangu alifariki. Mazishini wifi alikaa upande wa pili. Miaka mitatu sasa.

Nilikuwa sahihi, kitabuni. Niko sahihi mpaka leo. Sahihi, na peke yangu.

Kuna jambo jingine la siku zile. Leo siliandiki.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita mbele ya saluni mara mbili. Mara ya kwanza kama mtu anayekwenda. Mara ya pili kama mtu anayerudi. Kupitia kioo nimeona mgongo wake na viwiko vinavyocheza. Amenenepa kidogo. Au ni mimi niliyekonda, kila kilichobaki kinaonekana kikubwa.

Nyumbani nimefunga kwa mkono mmoja, bila meno. Imelegea yote.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeingia!

Walikuwa wanawake wanne, na redio. Wifi alikuwa na kitana mdomoni, hakukitoa. Wateja wanamwita Mama Mistari. Kimya kikaingia pamoja nami.

Karibu, mwalimu, akasema. Umekuja kusuka au kusahihisha?

Wakacheka. Nikasema nimekuja kufungwa.

Polisi ni barabara ya pili.

Wakacheka zaidi. Nami nikacheka! Sikukusudia. Kiwambo kilitikisika chenyewe.

Akaniangalia mkono kwa muda. Kaa, akasema. Kuna vichwa vitatu mbele yako.

Nikakaa saa mbili na nusu, begi la bandeji mapajani. Karani mmoja alilalamika: Mama Mistari, unavuta mpaka nyusi zinapanda! Akajibiwa: afadhali, bosi wako atadhani unamsikiliza. Wifi hakuniangalia tena, lakini nilimtazama yeye. Anashika nywele pale shinani barabara, kisha mkono unalegea kila hatua, mpaka ncha. Hapimi. Hafikiri. Mkono wake unajua.

Mteja wa mwisho alipotoka, akafunga pazia. Unataka ikaze wapi?

Vidoleni, nikasema, halafu ipungue—

Shina lishike, ncha ipumue. Haya, lete.

Maneno manne! Mimi ningejaza ubao.

Alipoona michirizi ya bega akauliza nani kafanya hivi. Mimi, nikasema, kwa meno. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Dakika kumi na mbili, bandeji zote tano.

Kesho uje mapema, akasema, Jumamosi nina watu.

Jumamosi, 15 Machi

Vifundo vya vidole nimeviona. Vinne! Habari za asubuhi, vifundo.

Jumapili, 16 Machi

Saluni imefungwa, kwa hiyo amekuja yeye. Mara ya kwanza kuvuka kizingiti hiki tangu siku ile. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi. Alisimama akatazama kitanda, kisha akavuta kiti cha jikoni.

Nilimsomea karatasi ya Mama Tepu ya kukanda. Unaanzia juu, shingoni na karibu na mtulinga, pale njia inapotokea. Ndipo unashuka. Ukisukuma chini kwanza, maji yanakuta mlango umefungwa. Na mkono uwe mwepesi mno. Ukibonyeza kwa nguvu unavilaza vile vimirija, hakipiti kitu. Ni kusogeza ngozi tu, kama unasogeza utando juu ya maziwa ya moto.

Alibonyeza kwanza kama msusi. Kisha akapata. Mwepesi hivi? akauliza. Mwepesi hivyo. Mikono ikaendelea. Nilifumba macho. Hakuna aliyenishika tangu hospitali, zaidi ya kunipima.

Simu ya binti ikalia. Kabla sijaificha wifi ameipokea.

Shangazi? Wewe ndiye nesi?

Nesi gani? Mimi ni msusi, mama yako kaniletea kichwa cha ajabu.

Binti akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka. Mtandao ulikuwa safi.

Jumatatu, 17 Machi

Ishirini na tisa na nusu! Mama Tepu alipima mara mbili, hakuamini.

Wifi alinisindikiza. Mama Tepu akafungua daftari, akauliza uhusiano. Muulize yeye, wifi akasema. Nikasema: wifi yangu. Binti akafutwa kwa mstari mmoja, wifi akaandikwa juu yake.

Kwenye foleni tulikuwa wawili. Nilijua la kufanya na miguu yangu, na la kufanya na macho.

Jumanne, 18 Machi

Nimeharibu.

Alikuja tena hapa nyumbani, alikuwa anafunga bandeji ya tatu. Akauliza, bila kuinua kichwa: Wifi, hebu nieleze. Kwa nini mikono yangu kwako ni dawa, na kwa kaka yangu ilikuwa sumu?

Nikaeleza! Mungu wangu, nikaeleza. Kwamba uvimbe si mmoja. Wangu ni wa njia iliyobomoka, pampu ni nzima. Wake ulikuwa wa pampu iliyochoka, shinikizo linarudi nyuma, maji yanavuja miguuni, na kuyarudisha ni kumwongezea mzigo anayeshindwa na mzigo. Nikachora mpaka mishale, nyuma ya karatasi ya kliniki. Kila neno kweli.

Akamaliza bandeji ya tano. Akabandika plasta ya mwisho, akaipapasa ilale vizuri.

Basi, mwalimu, akasema. Nimeelewa. Kengele imelia.

Hakusema kesho saa ngapi.

Jumatano, 19 Machi

Hakuja. Nimepita saluni, pazia limefungwa.

Bandeji ya jana bado ninayo mwilini. Siku ya pili inalegea. Ikilegea haisukumi kitu, ni nguo tu. Lakini naogopa kuifungua, kwa sababu nikiifungua ni meno tena.

Hakuwa akiuliza habari za moyo. Nimelijua hilo alipofika ngazini. Mwanafunzi akiuliza swali ambalo jibu lake liko wazi ubaoni, anauliza jingine. Miaka thelathini na mmoja kazini!

Sasa niliandike lile jambo.

Jioni ile alipofukuzwa na maneno yangu, mume wangu aliniuliza: Dada yuko wapi? Miguu inaniuma, yeye ndiye anayejua kuishika. Nikamjibu: amechoka, kasema harudi tena. Wifi hakusema hivyo. Hakusema neno, alinawa tu. Nami niliona uchungu kwamba kamtaja yeye, si mimi, mimi niliyesoma.

Siku nne alizobakiza hakuuliza tena. Mtu akiambiwa kachokwa, haulizi mara mbili.

Hiyo haimo katika kitabu chochote. Shinikizo, moyo, mishale, yote yamo. Hiyo haimo.

Alhamisi, 20 Machi

Amekuja! Saa kumi, na tepu yake ya saluni mfukoni.

Jana nilikuwa na kichwa cha misuko mia mbili, akasema mlangoni, usije ukadhani nilinuna. Akavua viatu. Nilinuna pia.

Amefungua, amekanda kuanzia shingoni, mwepesi, kisha amepima mwenyewe, vidole vinne chini ya kiwiko. Ishirini na nane na nusu. Nusu sentimita! Kesho saa tatu asubuhi mpimaji yupo. Bandeji ya leo ikikaa sawasawa mpaka asubuhi, inatosha. Isipokaa, miezi mitatu.

Sasa anafunga. Mkono wa kushoto uko mapajani mwake, wa kulia unaandika hapa mezani. Amemaliza vidole, kimoja kimoja. Kiganja. Kifundo.

Acha kuandika, anasema, unatikisa.

Nikataka kumweleza kwamba mkono wa kulia hauwezi kuutikisa wa kushoto kama bega— Nikanyamaza.

Unaandika nini?

Ya leo.

Andika kwamba chai yako ni maji ya kuoshea kikombe.

Nimeandika.

Busara inasema ningoje. Kesho saa sita nitakuwa na soksi, nitaivaa mwenyewe, sitahitaji mtu. Ndipo nimwambie? Siku ambayo akiondoka sipungukiwi kitu? Huko si kusema. Na nikisema sasa, ana bandeji tatu mkononi, na ana miguu ya kuondokea, na mara ile aliondoka bila neno.

Amefika katikati ya kiwiko na kifundo. Anavuta pumzi kila mzunguko, kama anaposuka.

Nimemwambia. Kaka yako alikuulizia. Alikuulizia jioni ileile, na mimi nikamwambia umesema hurudi.

Ndivyo hivyo tu nilivyosema. Sikuongeza maelezo.

Mikono yake imesimama. Naandika kwa sababu sijui nitazame wapi. Redio ya jirani inatangaza mpira. Hajaniangalia. Bandeji hajaiachia. Bado ameivuta, imekaza palepale.